Sentensi ya Mgomba wa Mwisho

Koku mwanangu,

Salamu tutapeana jioni ukirudi kutoka Muleba, uso kwa uso, kwa hiyo hapa naziruka. Karatasi hizi nimezichana kwenye daftari la vipimo. Ukigeuza nyuma ukakuta "kiuno 28, marinda sita" usishangae, ni sketi ya shule ya mtoto wa jirani. Mvua imeifunga Kashai yote tangu saa saba mchana, hakuna mteja, na cherehani imekaa inaniangalia. Nimeona nitumie nafasi hii, maana nikijaribu kukuambia kwa mdomo najijua, nitaanza kukuuliza kama umekula.

Sitakuandikia habari za sweta wala za kufunga begi. Hayo bibi yako leo anakuambia mara tatu tatu. Mimi nina jambo moja, nimelificha umri wako wote, na inabidi ulisome kabla ya basi la kesho asubuhi.

Unakumbuka Jumapili ile uliponionyesha barua ya wakala wa kazi, kwamba umepata nafasi: wiki sita Dar za kusoma Kiarabu, mnalala hukohuko, kisha Maskati kulea mtoto wa watu. Nilikuuliza, "Unataka kweli?" Ulikuwa unamenya ndizi. Hukuniangalia. Ukasema, "Mama, wewe uliacha ndege kwa ajili yangu. Acha na mimi niipande kwa ajili yako." Ukaendelea kumenya. Nikatoka nje kana kwamba kuna nguo zinanyeshewa. Hakukuwa na nguo kambani, Koku, na mvua pia haikuwepo.

Sikuacha ndege.

Hilo ndilo jambo lenyewe, nimeliandika. Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Wakala mmoja alipita Muleba na wilaya za jirani akitafuta wasichana wa kazi za ndani, akatuchukua kumi na wanne, akatuweka kwenye nyumba moja ya kupanga Nshambya. Wiki tatu za Kiarabu, asubuhi mpaka jioni, halafu mtihani, halafu safari. Uzio ulikuwa wa matofali, juu kuna vipande vya chupa. Geti lilifungwa kwa kufuli siku tuliyoingia, na hatukuambiwa ufunguo anao nani. Mwenye simu aliiacha getini. Cheti changu cha kuzaliwa alikichukua wakala. "Nawatunzia," alisema, na sisi tukamshukuru! Chumba tulicholala kilikuwa na dirisha dogo la nyuma, na kila asubuhi nilimwona mama mmoja anapalilia maharage yake ng'ambo ya uzio. Sikuwahi kupenda kupalilia maisha yangu yote. Lakini yule mama nilimwonea wivu. Alikuwa akichoka anaweka jembe chini, anakwenda anakotaka.

Mwalimu wetu alikuwa Bi Zuhura, mama wa mjini hapa Bukoba, aliyefanya kazi Uarabuni miaka mingi akarudi na meno mawili ya dhahabu. Siku ya kwanza alitusimamisha ukutani kama wagonjwa.

"Nyie wasichana, koo zenu zimelala. Ziamsheni! Semeni kha."

Tukasema kha.

"Hiyo ni ka. Nataka kha. Kama mtu amekwamwa na mfupa wa sato."

Jenista, mwenzangu wa Karagwe tuliyelala godoro moja, akanyoosha mkono. "Bi Zuhura, sauti hiyo kwetu tunafukuzia mbuzi."

"Basi fukuza mbuzi, bojo, nakusihi. Fukuza mpaka Maskati."

Alikuwepo na Hadija, mtoto wa hapa mjini, amesoma chuoni tangu mdogo. Hadija akisoma Kurani asubuhi, sote tulinyamaza, hata Jenista. Tulijua huyu ameshafaulu. Bi Zuhura akamwambia, "Haya, omba chumvi." Hadija akafikiri. Akafikiri tena. Akasema, "Bi Zuhura, chumvi sijafika." Tulicheka mpaka mlinzi akagonga mlango. Na sisi tusiojua kitu tukagundua kwamba tunajua: sabuni ni sabuni, sukari karibu ileile, samaki vilevile, chai haina tatizo. Jenista akatangaza kwamba Kiarabu ni Kiswahili kilichovaa viatu. Kesho yake yakaja maneno ya pasi na vyumba na vyombo, na kiatu kikatubana.

Shida yangu ilikuwa mkono. Darasa la saba unalijua, naandika kama ninavyotarizi, polepole. Bi Zuhura alisema sentensi mara tatu akapita. Wenzangu walikuwa kwenye ya nne, mimi bado ya kwanza. Kila akiuliza, "Mmeelewa?" wote tulijibu, "Naam!" Mimi nilijibu kwa sauti kubwa kuliko wote.

Ndipo nikakumbuka kibanja cha babu yako, ile migomba yake nyuma ya nyumba.

Leo umepita mle, kwa hiyo fuatana nami. Ukitoka mlango wa jikoni, kuna shina la kwanza, lile nene lenye majivu. Pale, kwa mawazo, niliweka neno la kwanza tulilofundishwa, hadhir. Maana yake nipo, niko tayari. Ukiitwa, hadhir. Ukitumwa, hadhir. Ukigombezwa, hadhir. Shina la pili nikaweka jina langu. La tatu umri, na umri wenyewe haukuwa wangu, tulifundishwa kusema ishirini na miwili. Penye mbuni ule wa kahawa uliopinda nikaweka "natoka Tanzania". Mbele yake "najua kupika". Kisha "sina mtoto". Kwenye shimo la kuivishia ndizi za pombe ya rubisi nikaweka "mtoto amelala, madam". Na mgomba unaofuata shimo, "kwenye friji, madam". Nikajaza kibanja chote. Usiku wenzangu wakisoma madaftari, mimi nafumba macho natembea. Bi Zuhura akiuliza kwa mpangilio wake, najibu kama maji. Alinisifia mbele ya wote. "Mnamwona huyu wa Muleba? Daftari tupu, kichwa kimejaa."

Sikumwambia njia yangu. Na kosa lilikuwa humohumo, maana unajua babu yako alivyotulea. Kupalilia kwake ni kuanzia jikoni kwenda mpakani, shina kwa shina, huruki hata moja. Ukiruka, anakurudisha mlangoni uanze upya. Mimi sikuwahi katika maisha yangu kuingia kibanja kile kwa katikati. Hata kwenye ndoto siwezi.

Lipo na lingine nililomficha Bi Zuhura, nalo ni wewe. Ulikuwa na miezi mitatu tumboni. Baba yako alikuwa ameshahamia Geita bila kuaga, hilo unalijua. Nilikuwa natafuna kahawa kutwa ili nisitapike. Jenista akafikiri ni ulevi wa kwetu. Ninachotaka ujue ni kwamba nilijua. Sikuja kugundua baadaye kama ninavyosimulia siku zote. Nilijua nimekubeba na nilitaka kwenda. Sikuwa na mpango wowote, niliona tu kwamba nikishapanda ndege, mambo mengine yatajulikana huko mbele. Halafu usiku nalala karibu na lile dirisha, nawaza: nikisema, natupwa nje nirudi kijijini na tumbo na aibu. Nisiposema, tumbo litasema lenyewe, na litasema mahali ambapo sijui hata njia ya kwenda stendi. Pande zote ukuta. Na juu ya ukuta vipande vya chupa.

Siku moja nilijipa moyo nikamwuliza Bi Zuhura, "Nataka kurudi nyumbani, tunasemaje?"

Darasa lote likageuka kuniangalia. Bi Zuhura akafuta ubao, akafuta hata mahali pasipoandikwa kitu. "Hiyo haimo kwenye masomo," akasema. "Haya, pasi. Pasi ni nini?"

Siku ya mtihani wakala alikuja na mama mmoja mgeni, mpole, ananukia udi, ndiye wa kutuchagua. Tuliitwa mbele mmoja mmoja, wengine wanaangalia. Zamu yangu ikafika. Akaniuliza jina. Nikajibu vizuri, shina la pili. Nikasogea shina la tatu nikamsubiri pale aniulize umri.

Hakuja. Akauliza, "Endik atfal?" Una watoto?

Koku, swali nilielewa. Jibu nilijua liko wapi, mbele ya mbuni, mashina kadhaa. Lakini nilimwona babu yako amesimama na jembe, ananitazama kama nitathubutu kuruka. Nikachanganyikiwa. Nikakimbia kibanja chote, nikapita jibu langu, nikasimama penye shimo la rubisi.

"Mtoto amelala, madam."

Yule mama akainamisha kichwa. "Wein?" Wapi?

Na mimi nikaendelea na njia yangu kama nilivyolelewa, mgomba unaofuata shimo.

"Kwenye friji, madam."

Jenista alianguka kutoka kwenye benchi. Hadija alijifunika uso kwa mtandio. Mgeni alicheka mpaka akavua miwani. Hata wakala alicheka, na huyo sikuwahi kuona meno yake. Mimi pia nilicheka, maana nilidhani nimefaulu kwa kuwafurahisha. Kisha yule mama akafuta machozi, akanitazama, na kicheko chake kikaisha polepole. Alikuwa anaangalia mkono wangu. Sijui ulifika pale saa ngapi. Niliposema mtoto amelala, nilikuwa nimeuweka juu yako.

Hakunitukana. Alimnong'oneza wakala, basi. Wakala akaleta cheti changu akakiweka mezani bila neno. Siku zote zile nilizolala nikitamani geti lifunguliwe, likafunguliwa, na mimi nikaliangalia nikaanza kulia kwamba nisitolewe. Nilishika nguzo ya geti, Koku. Nililia kwa kukosa, sikulia kwa kujuta. Kama wangeniambia panda hivyohivyo, ningepanda.

Bi Zuhura ndiye aliyenibandua mikono.

"Miezi mingapi?"

"Mitatu."

"Na ulikuwa unakwenda naye?"

"Naam."

"Koma na naam yako!" Akaangalia nyuma kama kuna mtu. Kisha akaniinamia sikioni, akasema maneno matatu. Akanifanya niyarudie. Akayasahihisha. Nikarudia tena, na makamasi yangu yote. "Ndiyo ile uliyouliza," akasema. "Nilizuiwa kuifundisha. Sasa huna kazi nayo, lakini ondoka nayo." Akanipa na kanga yake, kwa sababu yangu ilikuwa imelowa. Ile ya zambarau uliyobebewa, ndiyo hiyo.

Sikuwa na daftari. Ile sentensi nikaipanda kichwani palepale, wakati gari linapanda kuelekea Muleba: nikaenda mpaka mgomba wa mwisho, ule wa mpakani, kwa sababu mingine yote ilikuwa imejaa.

Nilipofika nyumbani bibi yako alikuwa anaanika kahawa. "Mawe, mama yangu! Umerudi?" Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli, ndogo kama tundu la sindano. Nikasema, "Nimeacha, ma. Nina mtoto tumboni, nimeona siwezi kumpeleka kwa watu." Bibi yako alitupa ungo. Alinikumbatia. Mimi niliyekuwa nimejiandaa kupigwa, nikapikiwa nyama. Babu yako, ambaye hasemi, akasema mbele ya majirani, "Huyu ana moyo." Ulipozaliwa wakakuita Kokushubira, wa kutumaini, kwa habari hiyohiyo. Na kitovu chako bibi alikwenda kukifukia bila kuniuliza, kati ya migomba yote ile, chini ya mgomba wa mpakani. Sikumwambia kitu.

Uongo ukishapikiwa nyama, mwanangu, haurudishiki jikoni. Mwanzoni niliacha darasa. Ulipoanza shule nilikuwa nimeacha tiketi. Ulipofika darasa la tano nilikuwa tayari nimepanda ngazi za ndege, nikasikia umepiga teke, nikageuka, na rubani akanipungia mkono. Waitu Koku, mimi ndege sijawahi kuikaribia zaidi ya zile zinazotua pale kando ya ziwa, na hizo nimeziangalia nikiwa nje ya uzio. Miezi mitatu ulikuwa hata huna hilo teke. Ulikuwa unapenda ile sehemu ya teke, unaniomba niirudie. Nami nikairudia. Nilidhani nakupa hadithi ya kulalia, kumbe nakuvika mzigo. Umekua ukifikiri kuna kitu ulininyang'anya kabla hujazaliwa. Nikikusifia, unanyamaza. Nikikugombeza, hujibu, unasema "ndiyo mama" kwa sauti ileile tuliyofundishwa kusema hadhir. Nimeisikia miaka mingi nikajifanya ni adabu.

Wewe hukuninyang'anya chochote. Nilichokuwa nakwenda nacho sijui kingekuwaje. Nilichorudi nacho ni wewe, na sikukuchagua, nilirudishwa kwako kwa kusukumwa. Kukupenda kulikuja baadaye, kidogo kidogo, wakati unaumwa surua na kuninyima usingizi, wakati ulipokata kitambaa cha mteja ukamshonea mdoli. Hilo nalo ni kweli, na sijalitia chumvi.

Nimefikiri wiki nzima nikuambie nini. Nikikuambia usiende, mimi ndiye nitakuwa geti la Nshambya, na kufuli mkononi. Nikikuambia nenda, nitakuwa nakusindikiza ukabebe uongo wangu mpaka Maskati. Nimekwama, mwanangu. Jana nilishona mfuko wa suruali ya mtu nikaufunga kote, hauna pa kuingizia mkono.

Lakini tumaini ninalo. Wewe si mimi. Umemaliza kidato cha nne, na juzi nilikusikia unasoma zile sauti za koo kwenye simu, unacheka peke yako. Ulikuwa unacheka kwa raha. Huenda unakitaka hicho Kiarabu kwa ajili yako mwenyewe, na huenda nchi ile unataka kuiona. Kama ni hivyo, nenda, nenda kabisa, na mimi nitajivuna Kashai nzima bila kuongeza rubani. Ukikaa kwenye benchi lao, usikariri kwa njia moja kama mama yako. Ingia kibanjani kokote, kwa katikati, kwa nyuma, ruka mashina, babu hatakuwepo kukurudisha mlangoni. Na wakisema mmeelewa, na wewe hujaelewa, usiwe wa kwanza kusema naam. Ile naam yangu ndiyo iliyonipotezea siku nyingi kuliko ujinga.

Kama unakwenda kunilipa, basi hakuna deni. Teke halikuwepo.

Sasa ile sentensi. Wiki iliyopita nilimpelekea ustadhi wa mtaa wetu kanzu yake niliyoipunguza, nikamsomea. Akaniambia nirudie. Nikarudia. "Mama Koku," akasema, "hiyo lafudhi ni ya Muleba kabisa. Lakini Mwarabu yeyote atakuelewa." Nimeibeba miaka kumi na tisa bila pa kuitumia. Leo ulipomsindikiza bibi kibanjani umepita juu yake bila kujua. Nimeing'oa, hii hapa:

Abgha arja beiti.

Nataka kurudi nyumbani kwangu.

Iseme mpaka koo lako liizoee. Iseme kwa madam, kwa mlinzi, kwa dereva, kwa polisi, kwa mtu wa ubalozi, kwa yeyote mwenye ufunguo. Usiseme samahani kwanza. Na usifikiri ni ya kutumia ng'ambo tu. Inafaa Dar, ndani ya hizo wiki sita. Inafaa hata kesho pale stendi, begi limeshaingizwa na mguu wako uko kwenye ngazi ya basi, watu wote wanaangalia na kondakta anapiga kelele. Mimi nitakuwa nimesimama chini, na Kiarabu changu kimebaki neno moja, lile la shina la kwanza. Safari hii hakuna atakayekuwa amenituma. Ukiisema tu, popote ulipo, utanisikia najibu:

Hadhir.

Mama yako